Kabla Mtoto Hajapanda Jeti-ski

Kila Idi inapowadia, familia nyingi za Mombasa, Kilifi na Kwale hutandika mikeka ufuoni, na watoto hawakawii kuomba wapandishwe jeti-ski au wavutwe kwa kamba juu ya maji. Si ombi baya. Mtoto wa pwani hatengwi na bahari. Lakini mzazi atoaye ruhusa hana budi kukijua chombo anachomkabidhi mwanawe, pamoja na kanuni ambazo wengine wameziweka baada ya kuyaona madhara yake.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Jeti-ski haina usukani wa majini tangu itokapo kiwandani, wala rafadha ya nje. Pampu yake huvuta maji kutoka chini ya chombo na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo ambao dereva huugeuza kwa mikono. Maji hayo ndiyo yasukumayo chombo, na ndiyo yakigeuzayo. Basi dereva mgeni aonapo mtu mbele yake hushtuka, akaachia mafuta. Maji hupungua nguvu, na vyombo vingi vya namna hii huendelea moja kwa moja kule kule alikotaka kukwepa, hata akiuzungusha mkono vipi.

Sheria nazo zilichelewa kukitambua chombo hiki. Huko Uingereza, mwaka 2004, mwendeshaji mmoja karibu na Weymouth aligonga jeti-ski nyingine na kumjeruhi vibaya aliyekuwa juu yake. Alitiwa hatiani kwa sheria ya meli, lakini mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo: azungukaye majini kwa kujifurahisha, bila ya kusafiri kwenda popote, hayumo katika meli. Pengo hilo halikuzibwa hadi tarehe 31 Machi 2023, ilipoanza kutumika amri iliyoviingiza vyombo hivi katika sheria hiyo. Sasa aviendeshaye kwa hatari aweza kufungwa hadi miaka 2.

Jimbo la California, nchini Marekani, limeingia katika undani zaidi. Huko, asiyetimiza miaka 16 haruhusiwi kuendesha. Wa miaka 12 hadi 15 huruhusiwa tu akiwa na mtu wa miaka 18 au zaidi pamoja naye chomboni. Kila aliyepanda, na kila avutwaye, sharti avae jaketi la kuokoa maisha. Kamba ya kuzimia injini hufungwa mwilini mwa dereva, ili akianguka injini izime papo hapo. Jua likishazama, jeti-ski hazikimbizwi wala mtu havutwi. Na karibu na muogaji, kwa umbali wa futi 100, au ufuo wa kuogea, kwa futi 200, mwendo usizidi maili 5 kwa saa.

Katika kumvuta mtu, sheria hiyo inajibu swali moja: dereva akitazama mbele, nani amtazamaye aliye nyuma? Ndiyo maana sharti awemo chomboni mtu wa pili, asiyepungua miaka 12, kazi yake ikiwa ni kumwangalia avutwaye. Akianguka, huinuliwa bendera nyekundu au ya rangi ya machungwa, ili vyombo vingine vijue kuna mtu majini. Kwa mbali, kichwa cha mtu aliyeanguka hakitofautiani na kifuu cha nazi kinachoelea.

Liko jambo linalowagusa dada zetu hasa. Tundu livutalo maji chini ya chombo huvuta pia nguo na nywele. Buibui, leso au mtandio unaoelea ni hatari pale. Tena, abiria akiangukia nyuma, maji yatokayo kwa nguvu yaweza kupenya katika tupu zake na kumjeruhi vibaya ndani ya mwili. Kwa sababu hiyo watengenezaji huwaonya wote, wake kwa waume, wavae suruali nzito ya mpira kama ya wapiga mbizi. Stara na usalama havigombani hapa: suruali hiyo na ivaliwe chini ya vazi la stara lisilopepea, na mtandio utiwe ndani ya jaketi.

Kwetu Kenya, usalama wa vyombo vya majini ni jukumu la Mamlaka ya Bahari, KMA. Hata hivyo, ofisa hayuko kila ufuo kila saa, mzazi yuko. Kabla ya kutoa pesa, na aulize: Jaketi hili linamkaa mtoto sawasawa, au litamvuka kichwani? Kamba ya kuzimia injini iko wapi? Nani atakayemwangalia akivutwa? Chombo kitapita umbali gani na waogaji? Mwenye chombo mwema atajibu kwa furaha. Akikereka au akacheka, mshike mwanao mkono mrudi mkekani. Mtoto atalia kidogo, kisha atanyamaza akipewa madafu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.