Usinunue Fremu. Nunua Nduthi Iliyo na Logibuku

Wasee, leo nitajipinga mwenyewe mbele yenu.

Mnakumbuka ile video yangu ya nduthi niliyojenga kutoka fremu tupu. Kichwa chake kilisema nimeijenga kwa 45,000. Ndiyo video imetazamwa zaidi kwa ukurasa wangu, na mpaka leo watu hunisimamisha steji ya Umoja wakiniuliza fundi ni nani, fremu nilitoa wapi, na kama kweli 45,000 inatosha.

Haitoshi. Hata yangu haikutosha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kujumlisha sikuacha, kwa hivyo wacha tufungue daftari pamoja. Fremu 9,000. Injini ya Boxer 150, ya mitumba, 25,000. Magurudumu mawili na tairi zake, 11,000. Hapo ndipo 45,000 ilitoka. Nilihesabu vitu vitatu vya kwanza nikaandika kichwa cha video. Zilizobaki sikuzitaja: foku za mbele 6,000, springi za nyuma 3,500, tangi 4,500, waya na CDI 3,500, kabureta 2,000, taa na indiketa 2,500, mnyororo na sproketi 2,500, betri 2,000, kiti 2,500, usukani na kebo zake 3,000, rangi na kuchomelea 4,000, na fundi 12,000. Jumla ni 93,000. Sijahesabu nauli za kwenda Kirinyaga Road kila mara nikigundua nati fulani haipo, wala miezi minne niliyokuwa natembea kwa miguu huku "nina nduthi".

Kwa 93,000, mtaani kwetu unapata Boxer au TVS iliyotumika, nzima, inayowaka, iliyo na namba ya usajili. Ukiwa na 70,000 bado unapata moja iliyochoka kidogo. Kwa hivyo hata kabla tuongee mambo ya sheria, kile kitu tunawaambia vijana, ati kujenga ni njia ya mtu asiye na pesa, ni kinyume. Kujenga ni njia ya mtu aliye na pesa na muda. Maskini ananunua kitu kimoja kinachofanya kazi leo.

Najua mtaniambia nini. Mtasema Nairobi hii imeshikiliwa na jua kali, na kwamba mtoto wa Eastlands anajidharau akisema hatuwezi kujenga. Naheshimu hiyo hoja kwa sababu ni ya kweli nusu. Mwaka wa 1972 wataalamu wa ILO walikuja Kenya wakaandika kwamba hawa watu wa sekta isiyo rasmi si wavivu, wanafanya kazi na wanazalisha. Mwaka wa 1992 serikali ikatoa Sessional Paper nzima kuhusu jua kali. Nenda Kamukunji asubuhi usikie nyundo. Sanduku la mwanafunzi wa bodingi, jiko, sufuria ya harusi, wilibaro, zote zinatoka kwa mabati na vyuma vilivyokuwa kitu kingine jana.

Lakini hakuna karao anayesimamisha sufuria kuiuliza namba ya chesisi.

Hapo ndipo sisi wa video tunawadanganya watu. Nduthi ni chuma, halafu ni karatasi. Kuna namba imepigwa kwa shingo ya fremu, pale usukani unaingia. Kuna nyingine imepigwa kwa injini. Hizo namba mbili zimeandikwa NTSA pamoja na namba ya usajili na jina la mtu. Fremu isiyo na logibuku haipati logibuku kwa sababu umeipaka rangi nyeusi ukaweka kiti cha ngozi. Bila usajili huna bima, na Sheria ya Bima ya Cap. 405 inataka kila chombo cha barabarani kiwe angalau na bima ya kulipa mtu wa tatu. Ukigonga mama anayevuka Outering Road na hiyo kazi yako ya sanaa, hospitali utailipa na nini?

Na yangu je? Yangu iko Umoja, nyuma ya ploti, imefunikwa na turubai. Aliyeniuzia fremu alinipa karatasi ya kuandikwa na mkono na saini isiyosomeka. Namba ya usajili hakuwa nayo. Ile video niliirekodi ndani ya estate, saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, kwa sababu nilijua sitafika barabara kubwa. Sikuwaambia hivyo. Nilikata hiyo sehemu nikaweka muziki.

Ningeendelea kunyamaza kama si kijana mmoja wa Dandora. Alimaliza form four, hana kazi, na mathe yake alikuwa ametoa 70,000 kwa chama ili aanze boda. Alinipigia akiwa na furaha: "Brathe, nimefuata video yako. Nimepata fremu 8,000, injini 24,000. Nipeleke kwa fundi wako."

Nikampeleka Kariobangi Light Industries. Fundi wangu ni mzee wa miaka hamsini na kitu, hana maneno mengi. Alichukua kitambaa na petroli kidogo, akapangusa shingo ya fremu, akainamisha kichwa. Namba zilikuwa zimepinda, na chuma chini yake kilikuwa kimelika. Akasema, "Kijana, hapa mtu alipitisha grainda kwanza, halafu akapiga namba zake. Hii siigusi, na wewe usilale nayo kwa nyumba."

Kijana akapiga simu ya aliyemuuzia. Imezimwa. Akaniangalia mimi. Fundi pia akaniangalia mimi.

Fanyeni hesabu. 70,000 ilikuwa nduthi iliyotumika, iliyo na makaratasi, inayoanza kazi wiki hiyo. Sasa ako na 38,000, injini isiyo na nyumba, na fremu ambayo ikipatikana kwake anaweza kujipata akieleza mambo ambayo hayajui. Pesa ya wamama wa chama. Na alifuata video yangu hatua kwa hatua, hakukosea mahali.

Mtu atasema, kununua iliyotumika pia kuna wakora. Kweli kabisa, wako tele. Kuna nduthi inauzwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe bado analipa mkopo, na kampuni iliyomkopesha iko kwa logibuku pamoja naye, na kuna kifaa cha kuifuata kimefichwa ndani. Utaendesha wiki mbili, asubuhi ya tatu utakuta imechukuliwa. Tofauti ni kwamba hiyo hatari unaweza kuiangalia kabla utoe pesa. Unaingia eCitizen, unaweka namba ya usajili, unalipa mia tano na kitu, unaona jina la mwenyewe. Linganisha na kitambulisho cha aliye mbele yako. Linganisha namba za chesisi na injini kwa macho yako, si kwa picha. Halafu uhamisho wa umiliki ufanyike mkiwa mmekaa pamoja, yeye kwa akaunti yake, wewe kwa yako. Akikuambia "lipa kwanza, transfa tutafanya wiki ijayo", simama, funga jaketi, enda nyumbani. Fremu tupu ya gizani utaiulizia wapi? Haina hata namba ya usajili ya kuandika.

Na ile nduthi yenyewe, ikague kama mtu mzima. Enda asubuhi ukute injini ikiwa baridi. Mtu akikuwashia kabla ufike, kuna kitu anaficha. Moshi wa bluu ni oili inaungua, huenda ringi na pistoni zimeenda. Hiyo si mwisho wa dunia, fundi yeyote wa mtaa anaifanya, lakini iondolewe kwa bei. Angalia fremu pale keria imechomelewa, kwa sababu boda zetu hubeba magunia, mitungi ya gesi na watu watatu, na nyufa huanzia hapo. Iendeshe polepole mahali salama uone kama inavuta upande mmoja. Ikivuta, huenda fremu imepinda, na hiyo achana nayo hata kama ni ya cousin yako.

Sisemi mtu asijenge kamwe. Unataka kujua nduthi ndani nje? Nunua iliyogongwa lakini iliyo na logibuku safi, uhamishe kwa jina lako, halafu uifungue mpaka nati ya mwisho. Ukibadilisha injini, peleka namba mpya NTSA ibadilishwe kwa rekodi. Hapo umejenga, umejifunza, na ukimaliza una kitu unaweza kuendesha mchana, kukatia bima na kuuza. Lakini anza na karatasi, ndiyo chuma kifuate.

Kwa nyinyi wenzangu mnaofanya hizi video: msiweke bei kwa kichwa kama hamko tayari kuonyesha daftari lote. Na onyesheni logibuku, hata kama mtafunika jina. Kama hamwezi kuionyesha, hiyo video ni tangazo la yule muuzaji wa fremu, na mnamfanyia bure. Mnakumbuka Machi 2022, baada ya kile kisa cha Forest Road, msako wa boda ulivyopita na pikipiki kujaa vituoni. Siku kama hiyo ikirudi, hakuna mtu atauliza video yako ilipata watazamaji wangapi. Wataulizwa makaratasi, na watakaoulizwa ni hao waliokufuata.

Video yangu nimeitoa. Nduthi yangu naifungua, na sehemu nilizo na risiti zake naziuza ili nusu ya ile 32,000 irudi kwa kijana wa Dandora. Nusu nyingine nitaimalizia polepole, mathe yake nimeshamwambia uso kwa uso. Fremu siiuzi. Nikiiuza, kuna kijana mwingine atainunua 9,000, atafurahi, na atanipigia simu.