Tusijenge Banda na Jumba Lipo

Katika mikutano yetu ya jamaa ya miaka hii ya karibuni, suala moja limekuwa likirudi kila mara. Je, fedha za mfuko wetu wa jengo tuzitumie kununua ukumbi wetu wenyewe, au tuungane na wenyeji wa miji tunamoishi katika kuyafufua majumba yao ya zamani ya opera? Wengi wameshaamua mioyoni mwao kwamba ukumbi wetu wenyewe ndio bora. Wanasema majumba hayo ni ya Wazungu, ni makuukuu, na hayatuhusu. Mimi naona kinyume, na nawaomba wazee wangu na vijana wetu wanivumilie nieleze sababu kabla kura haijapigwa.

Kwanza tulifahamu jina lenyewe, maana ndilo linalowatisha watu. Mtoto wetu akisikia "jumba la opera" hufikiri ni mahali pa matajiri waliovaa suti nyeusi, wamekaa wakisikiliza nyimbo za Kitaliano. Katika miji midogo ya Marekani haikuwa hivyo hata kidogo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, na reli kuenea, mji hata mdogo, mara ulipojiona umekuwa mji, ulitaka kuwa na ukumbi mkubwa. Aghalabu ukumbi huo ulikuwa ghorofani, na chini yake maduka au ofisi za mji. Waliuita jumba la opera kwa sababu wacha Mungu wengi wa zama zile waliliona neno "thieta" lina harufu ya uhuni, ilhali "opera" lilikuwa neno la heshima. Opera yenyewe iliimbwa kwa nadra. Yaliyofanyika humo ni mikutano ya kampeni, hotuba, sherehe za wanafunzi kumaliza shule, dansi, bendi, na michezo ya vikundi vilivyosafiri kwa gari moshi kutoka mji hadi mji. Pengine viti viliondolewa, watu wakateleza kwa viatu vya magurudumu. Kwa lugha yetu, lilikuwa baraza la mji lililoezekwa paa.

Kisha ikaja sinema, ikaja redio, zikaja motokaa za kumfikisha mtu mji mkubwa na kumrudisha usiku ule ule. Kufikia miaka ya 1930 na 1940 majumba mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa. Maduka ya chini yaliendelea kuuza, lakini juu milango ilitiwa kufuli, paa likaanza kuvuja, na njiwa wakajifanyia makao.

Si yote yaliyokufa, na hapa ndipo pana mafunzo. Jumba la Woodstock, katika jimbo la Illinois, lilifunguliwa mwaka 1890 likiwa na ofisi za mji, maktaba na kikosi cha zimamoto chini ya paa moja. Mwaka 1934 Orson Welles, akiwa bado kijana wa miaka 19, aliigiza humo. Lilichakaa, likakarabatiwa, likafunguliwa upya mwaka 1977. Huko East Haddam, Connecticut, jumba alilojenga mfanyabiashara William Goodspeed kando ya mto mwaka 1876 liliishia kuwa stoo ya idara ya barabara ya jimbo, na lilikuwa karibu kubomolewa. Wenyeji walilipigania mpaka likafunguliwa tena mwaka 1963. Katika jukwaa hilo la mji mdogo ndipo mchezo wa Man of La Mancha ulipoonyeshwa mwaka 1965, na Annie mwaka 1976, kabla haijafika New York.

Lakini mfano ninaotaka tuutazame kwa makini zaidi ni wa Barre, Vermont, kwa kuwa ni mfano wa wahamiaji kama sisi. Barre ni mji wa mawe ya graniti. Mwishoni mwa karne ya 19 wachonga mawe walimiminika huko kutoka Italia, Uskoti na kwingineko. Jumba la opera la mji liliungua mwaka 1898. Mji ulijenga jingine, juu ya ofisi zake, likafunguliwa mwaka 1899. Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi, alihutubia humo. Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi na sifa zake zikaenea dunia nzima, naye alifika. Jumba hilo lilifungwa mwaka 1944, likakaa kimya miaka 38, na mwaka 1982 likafunguliwa tena.

Hapo hapo Barre Wataliano walikuwa na ukumbi wao wenyewe. Waliujenga kwa mikono yao mwaka 1900. Ulikuwa na mikutano, dansi na duka la ushirika, na mwaka 1912, wafanyakazi wa viwanda vya nguo walipogoma huko Lawrence, Massachusetts, watoto wa wagomaji walipelekwa Barre, wakapokelewa katika ukumbi huo. Hiyo ni sifa kubwa, wala siidharau. Lakini kizazi kilichoujenga kilipopungua, ukumbi ulitoka mikononi mwao ukawa ghala. Aliyeununua mwaka 1995 na kuufufua ni chama cha historia cha mji, na mwaka 2000 serikali ya shirikisho ikautambua kuwa jengo la kihistoria la taifa. Ndugu zangu, ukumbi wa watu wachache hudumu muda watu hao wanapodumu. Ukumbi wa mji mzima, hata ukilala miaka 38, hupata wa kuuamsha.

Sasa tuhesabu siku zetu wenyewe kwa haki. Idi mbili, maulidi, mkutano mkuu, harusi nne au tano kwa mwaka, na hitima Mungu anapoamua. Siku hizo hazifiki thelathini. Siku zote zilizobaki ukumbi wetu utakaa mtupu, nasi tutalipa bima, kodi, gesi ya kupashia moto na mtu wa kuondoa theluji. Na ukumbi wenyewe tutakaoupata kwa fedha tulizonazo ni wa namna gani? Ni banda kando ya barabara kuu, dari fupi, taa nyeupe kama za hospitali, jukwaa hakuna. Bibi harusi atashuka garini na kuingia mahali palipokuwa duka la kuuzia matairi. Jumba la opera lina jukwaa, lina roshani, na lilijengwa ili sauti ya mtu ifike kiti cha nyuma bila kipaza sauti. Fikirini udi na fidla vikisikika humo.

Najua pingamizi zilizopo, nazo si za kupuuzwa. La kwanza ni kuwa tutakuwa wageni katika nyumba ya watu. Jibu langu ni kwamba mgeni ni yule anayeingia siku ya karamu tu. Aliyechangia mabati, akabeba mbao, akakaa katika kamati, si mgeni tena, na jina lake litasomwa na wajukuu. Majumba mengi ya Vermont yalikuwa na mapazia ya jukwaani yaliyochorwa kwa mkono, na kwenye kingo za baadhi yake yameandikwa majina ya wenye maduka ya mji wa wakati ule: mshona viatu, muuza dawa, mwoka mikate. Zaidi ya mapazia mia moja ya namna hiyo yamepatikana katika jimbo hilo na mengi yametengenezwa. Mtu akiyasoma leo anajua mji ulikuwa wa nani. Majina yetu yakiwa kwenye banda letu tu, mji hautayasoma kamwe.

La pili ni pombe, swala na adabu zetu. Mama zetu wana haki ya kuuliza. Lakini jumba linapokodiwa kwa siku nzima, mkodishaji na mkodi huandikiana, na yaliyoandikwa ndiyo yanayotendeka. Tunaweza kuandika kwamba siku yetu hakuna kinywaji cha kulevya kitakachouzwa, chumba kimoja kitengwe kwa swala, na usiku wa kina mama uwe wa kina mama. Hili ni jambo la kupatana kabla, si la kulalamikia baada.

La tatu ni ngazi, na hili ndilo zito kuliko yote. Majumba haya yako ghorofani, na wazee wetu magoti hayawasaidii. Isitoshe, ngazi zimeua watu. Tarehe 13 Januari 1908, katika mji wa Boyertown, Pennsylvania, moto ulizuka wakati wa mchezo katika jumba la opera la Rhoads, lililokuwa ghorofa ya pili. Watu wapatao 170 walikufa, wengi wao wamebanana milangoni. Kwa hiyo nasema wazi: jumba lisilokuwa na njia mbili za kutokea, milango inayofunguka kwa nje na mabomba ya kunyunyiza maji darini, tusimpeleke mtoto wetu humo hata kama limepakwa dhahabu. Na tangu sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, hoja ya lifti si ombi la huruma. Kamati yoyote ya ukarabati inayoiweka lifti mwisho wa orodha, sisi tuwe wa kuinua mkono na kuuliza kwa nini.

Hapa ndipo fedha zetu zinapoweza kufanya kazi kubwa kuliko wingi wake. Wenye kujua kazi hii huanza na paa na mifereji ya maji, kisha misingi na kuta, kisha njia za kutokea, umeme na joto, na mwisho kabisa viti, rangi na mapazia. Lakini wachangiaji wengi hupenda kulipia kinachoonekana. Kila mtu anataka jina lake kwenye kiti, hakuna anayetaka jina lake kwenye mfereji. Serikali ya shirikisho hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za kukarabati jengo la kihistoria, lakini nafuu hiyo ni kwa majengo ya biashara, na halmashauri ya mji au chama kisicholipa kodi hakinufaiki nayo moja kwa moja. Ndiyo maana kamati nyingi hukwama katika hatua ile isiyopendeza macho. Sisi tungesema: fedha hizi ni za lifti na njia ya pili ya kutokea, wala hatutaki kibao cha shaba.

Wako watakaosema, kama ni majengo ya kale mbona tusikumbuke ya kwetu. Tunayakumbuka, na uchungu wake ndio unaonifundisha. Beit al Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilisimama Forodhani zaidi ya miaka 130. Kila aliyepanda chombo kuondoka aliitazama mpaka ikapotea machoni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliisoma methali hiyo darasani, tukaiandika kwa mwandiko mzuri. Kule hatukuwepo kuuziba ufa. Hapa tulipo nyufa ziko mbele ya macho yetu, na kamati za miji zinatafuta watu wa kuziziba. Tukisema si letu, tutakuwa tumejifunza nini?

Wala sisemi tuchangie kwa macho yaliyofumbwa. Napendekeza mambo manne yaandikwe kabla ya senti moja kutoka. Kwanza, viti viwili katika kamati ya jumba, na kimoja kikaliwe na mtu aliye chini ya miaka thelathini. Pili, siku zetu za mwaka zijulikane mapema, na Idi ipewe nafasi ya siku mbili kwa sababu ya mwandamo. Tatu, bei ya kukodi iwe ya mwananchi wa mji, si ya kampuni. Nne, jiko liwe la kupikia kweli, lenye nafasi ya masufuria ya pilau, si chumba cha kuchemshia kahawa tu. Kamati itakayokataa haya manne tuiage kwa adabu, turudi kwenye wazo la ukumbi wetu. Mji ambao jumba lake haliwezi kufanywa salama, nao tuuache.

Lakini pale inapowezekana, nawasihi tufanye hivyo. Watoto wetu wamezoea kutuona tukizungumza lugha yetu jikoni na kwenye simu, kwa sauti ya chini, kama jambo la ndani. Hawajamwona shangazi yao akisimama katika jukwaa kubwa la mji, taa zote zikimwangaza, akaghani utenzi, na mwalimu wao wa shule ameketi safu ya tatu anasikiliza. Ukumbi wetu wenyewe hauwezi kuwapa hilo, kwa kuwa mwalimu hatakuwamo.

Mkutano mkuu ukifika, kura yangu itakuwa kwa jumba la mji, kwa masharti hayo manne. Mwenye hoja bora kuliko hizi aje nayo, nitamsikiliza mpaka mwisho.