Msiniambie Wenzetu Wanajituma

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania aliyewahi kupanda ndege hurudi nayo, pamoja na vile visabuni vidogo vya hotelini. Akitoka China anayo. Akitoka Uturuki anayo. Akitoka India anayo, na huitamka polepole, kwa masikitiko: "Wenzetu wanajituma, bwana." Hapo mazungumzo yamekwisha. Mezani wote mnatikisa vichwa, kila mtu anajiona mvivu, chai inaendelea kunyweka.

Mimi nimerudi kutoka India. Nilikaa wiki tatu kwenye ziara ya mafunzo ya wanafunzi wa uzamili, na ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kuvuka bahari, ukiacha Zanzibar. Tuliporudi tuliombwa kila mmoja aandike ukurasa kuhusu namna safari ilivyomfungua macho. Nimejaribu mara nne. Kila nikianza, ile sentensi inajipenyeza yenyewe. Basi nimeona kwanza niandike huu, wa kuikataa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. India niliyokuwa naijua kabla ya safari ilikuwa mbili: India ya filamu, niliyoionea kwenye banda la video pale Kerege nikiwa na miaka tisa, na India ya hospitali, ile ambayo ukoo ukichangishana vya kutosha mgonjwa hupelekwa. Siku ya kwanza Mumbai sikuiona hata moja kati ya hizo mbili. Niliona familia imelala chini ya daraja. Nikatoa simu, nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni na maneno haya: "Tushukuru Mungu kwa tulichonacho." Nikapata mioyo mia na kitu.

Usiku sikupata usingizi, nikajiuliza picha ile niliiona wapi kabla. Niliiona Bagamoyo. Niliiona kwenye simu za vijana wa Kizungu wanaokuja kujitolea miezi miwili, wanawabeba watoto wetu wenye makamasi, wanawapiga picha, kisha wanaandika kwamba Afrika imewafundisha kushukuru. Tumewasema sana vijana wale. Tumewaandikia mashairi ya hasira. Na mimi, siku yangu ya kwanza kwenye nchi ya watu, nilifanya yaleyale, tena kwa Kiswahili fasaha. Umaskini wa mtu mwingine si somo la shukrani. Picha niliifuta. Mioyo ile sikuweza kuirudisha.

Kilichonishika hasa kilikuwa Kollam, mji wa pwani katika jimbo la Kerala, unaojulikana India nzima kwa kubangua korosho. Tulipelekwa kwenye kiwanda kidogo. Wanawake walikuwa wamekaa mistari kwa mistari, kila mmoja na nyundo yake ya mbao, wakigonga korosho zilizochomwa, ganda huku, kiini kule. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo walikuwa wakijipaka majivu mikononi. Bado mikono ilikuwa myeusi. Chumba cha pili walikuwa wakimenya lile ganda jembamba la ndani, cha tatu wakipanga madaraja. Ile namba 320 unayoiona kwenye maboksi ya korosho nyeupe maana yake ni kwamba ratili moja ina viini kama 320, na kuna mwanamke aliyevichagua kwa jicho.

Pembeni kulikuwa na magunia yenye chapa ya Tanzania.

Sikushangaa kwa sababu sikujua. Nasoma uchumi wa kilimo. Takwimu za korosho ghafi nimezifanyia mtihani. Najua msimu wetu huanza kama Oktoba, na wao huvuna kuanzia Februari, kwa hiyo viwanda vyao hutegemea mzigo wa Afrika ili visilale. Nayajua yote hayo. Ila sikuwahi kuliona gunia upande wake wa pili.

Mama mmoja mtu mzima aliona ninavyolikodolea macho, akamuuliza mwenyeji wetu mimi natoka wapi. Akaambiwa. Akanitazama, akalitazama gunia, akasema neno, na wenzake wote wakacheka. Nikaomba nitafsiriwe. Mwenyeji wetu aliona haya kidogo. "Anauliza, kwenu hakuna wanawake?"

Hapa ndipo penye ugomvi wangu. Jioni ile, kwenye basi la kurudi hotelini, mwenzangu mmoja alishusha pumzi akasema kama ilivyotarajiwa: "Umeona wale akina mama? Wenzetu wanajituma." Na basi zima likaitikia.

Wanajituma kuliko nani? Kuliko bibi yangu? Bibi mzaa mama yangu, pale Kerege, ana mikorosho kumi na minne aliyoipanda na marehemu babu. Anaamka kabla ya adhana. Anafyeka chini ya miti, anaokota, anaanika, na zile chache za kula na za kuuza barabarani anazichoma mwenyewe kwenye bati lililotobolewa misumari, moshi unamwingia machoni, kisha anazigonga kwa jiwe. Ukimwambia bibi kwamba kuna wanawake mahali fulani wanajituma, atakuuliza kama wamekwisha kula.

Tofauti ya mwanamke wa Kollam na bibi yangu haimo mikononi mwao. Kerala, serikali iliunda shirika lake la kubangua korosho mwaka 1969, na mwaka 1984 ukaundwa ushirika wa viwanda vya wafanyakazi. Wabanguaji wana vyama vya wafanyakazi, wana mfuko wao wa ustawi, wanagombania ujira, na wanasiasa wanaogopa kura zao. Sisi miaka ya 1970 tulijenga viwanda vya kubangua, vingi vikalala, vingine vikageuka maghala ya kutunzia korosho zilezile zinazosubiri meli. Bibi hakuvifunga viwanda vile. Mwaka 2018 bei ilipoleta mgogoro, tulipeleka jeshi likanunue korosho. Bibi hakulipanga hilo. Na kwa miaka mingi wabanguaji wetu wadogo wamelalamika kwamba kupata malighafi mnadani mbele ya wanunuzi wakubwa wa nje ni vita. Kikundi cha akina mama wanaotaka magunia kumi kinashindana na mtu mwenye meli. Halafu meli ikishaondoka tunawaambia wajitume.

Ndiyo maana naichukia sentensi ile. Ni ya uongo, na ina kazi: inawasafisha wote waliopaswa kujibu. Ukisema tatizo ni uvivu, humuulizi mtu yeyote kuhusu mkopo, mashine, ghala, sheria wala bei. Unamuuliza bibi.

Nisieleweke kwamba Kollam ni peponi. Wale akina mama wanalipwa kwa kilo, na migongo inawauma. Njiani tulipita viwanda vilivyofungwa, mageti yameota kutu, kwa sababu Vietnam wanabangua kwa mashine na majimbo jirani yana ujira wa chini. Wala sisemi India imenipokea kwa maua. Kuna nyumba ya kulala wageni ambayo chumba "kilijaa" mara tu waliponiona sura, wakati mwenzetu mweupe kidogo aliyekuja nyuma yangu alikipata. Na hatujasahau Bengaluru, Januari 2016, binti wa Kitanzania, mwanafunzi, alivyoshambuliwa na kuvuliwa nguo na kundi la watu kwa ajali ambayo hakuhusika nayo, kisa alikuwa mweusi kama dereva. Hilo lisemwe, tena kwa sauti. Ila na sisi tunaowaita raia wenzetu "maponjoro" na kuwauliza kwao wapi, wakati babu zao wamezikwa Bagamoyo, tushushe kidogo bendera ya usafi.

Maana hii habari haikuanza na korosho. Mimi nimekulia mwendo wa daladala tu kutoka Bagamoyo, na shuleni nilifundishwa Bagamoyo ya watumwa na wamisionari. Mfanyabiashara Sewa Haji nilimjua kama jina la wodi Muhimbili. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mtu wa asili ya India aliyejitajirisha kwa misafara ya Bagamoyo, akatoa fedha za hospitali na za shule, akafariki mwaka 1897. Misafara ile ilileta pwani meno ya tembo mabegani mwa wapagazi. Pembe zikaenda Unguja, na nyingi zikaishia Bombay, zikachongwa mapambo ya mikono ya maharusi. Tuliwapelekea pembe, wakatuletea neno "bangili". Hata neno "bepari", tunalolitukania watu, tulilipata kwao, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Tunatoa kitu kizima, tunarudishiwa neno. Zamani pembe, leo korosho ghafi. Anayesema hili ni suala la kujituma aniambie wapagazi waliobeba pembe kutoka Tabora kwa miguu walikosa juhudi gani.

Tukiwa njiani kurudi Mumbai kwa treni tulishuka Goa siku mbili. Huko nako kuna mikorosho. Wareno ndio walioutoa mti huu Brazil, wakaupanda kwao na kwetu. Goa wanakamua mabibo, wanakeneka, mkupuo wa kwanza wanauita urrak. Nilicheka peke yangu. Mtwara na Lindi maji ya mabibo yakichachuka yanaitwa uraka. Mti mmoja, tunda moja, karibu jina moja. Kisha wanakeneka tena wanapata feni, na tangu 2009 feni ni jina linalolindwa kisheria, hakuna anayeruhusiwa kulitumia ila feni ya Goa. Iko dukani, kwenye chupa nzuri, na mtalii anaibeba kama zawadi. Kwetu, anayekeneka mabibo anaitwa mpika gongo. Kuna sheria ya mwaka 1966 inayotaka leseni, lakini niambie mama wa kijijini leseni ile ataipata wapi, na kwa nauli gani. Anachopata ni polisi saa kumi alfajiri na mapipa kumwagwa. Mimi sinywi, na bibi yangu akisoma hapa ataomba toba kwa niaba yangu. Lakini nataka mtu aniambie: mwanamke wa Goa na mwanamke wa Lindi wanaokamua tunda lilelile, yupi hajitumi?

Sasa nifike mahali ninapoumia. Wajomba zangu wanataka kuuza shamba. Kerege siku hizi ni vibao vya viwanja vinauzwa kila baada ya mti, na mji umetufuata kutoka Bunju mpaka Mapinga mpaka mlangoni. Miaka miwili iliyopita, kikao cha kwanza kilipoitwa, mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo. Mjomba alisema, "Hebu tupigie hesabu, wewe ndiye umesoma." Nikapiga. Miti kumi na minne, kilo kama mia na hamsini za korosho ghafi, bei ya yule mlanguzi wa kangomba anayekuja na debe lake, toa dawa, toa vibarua. Nikatangaza mbele ya bibi kwamba mikorosho hailipi. Bibi hakusema kitu. Alisimama akaenda kuangalia kuku.

Hesabu ile haikuwa na kosa. Ilikuwa sahihi kwa sababu ilianzia kwenye gunia ikaishia kwenye gunia. Sikuwaza hata dakika moja kuhesabu kiini. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja ya kiini. Zile mia na hamsini ni kama kilo thelathini za korosho safi, na bei ya kitu hicho dukani Dar es Salaam mnaijua. Nimesoma miaka sita ya chuo kikuu nikifikiri kama meli.

Jumapili iliyopita kikao kimekaa tena. Kabla hakijaanza bibi aliniita jikoni. "Haya mke mwenzangu, huko kwa Wahindi umeona nini?" Nikamwambia kuhusu yule mama na swali lake. Nilitegemea atakasirika. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akanyoosha mikono yake, akaigeuza chini na juu, na pale kwenye vidole kulikuwa na yale mabaka meusi ya mafuta ya ganda, ambayo nimeyaona tangu utotoni nikadhani ni uzee.

"Ungemwambia wapo," alisema. "Ungemwambia wanasubiri mashine."

Nilimwambia mjomba hesabu yangu ya kwanza niliikosea. Nikamwambia pia ukweli wa pili: miti kumi na minne peke yake haitoshi kulisha mashine, mpaka majirani waungane, na nusu ya majirani wamekwisha kuuza. Kwa hiyo sina hakika kama nimechelewa. Kikao kimeahirishwa mpaka baada ya msimu. Dalali bado anapiga simu.

Lakini chuoni kwangu tuna kozi za masoko ya Ulaya na hatuna hata moja ya India, wakati Chuo Kikuu cha Delhi kina idara inayotusoma sisi tangu miaka ya 1950. Wao wanatujua kuanzia ghalani mpaka kwenye msimu. Sisi tunawajua kwa filamu na hospitali, halafu tunarudi na wimbo wa kujituma. Nyie mnaopanda ndege mwezi ujao, kwa masomo, kwa matibabu, kwa lolote, nawaomba jambo moja. Mkiona mtu anafanya kazi kwa bidii, msimtumie kuwatukania mama zenu. Muulizeni nani anamlipa, kiasi gani, mashine ni ya nani, na gunia limetoka wapi.

Ukurasa wa chuo nimeupeleka jana. Nimeandika swali la yule mama, na chini yake jibu la bibi.