Barabara ya Zamani Kwenye Kuta za Chemainus

Chemainus, mji mdogo wa pwani katika Kisiwa cha Vancouver, Kanada, uliishi kwa mbao tangu karne ya 19. Kiwanda chake cha kupasua magogo kilipoanza kuyumba, Karl Schutz, mfanyabiashara mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa ameona monasteri za Romania zilizochorwa kuta za nje, alishauri historia ya mji ichorwe kwenye kuta za maduka. Michoro mitano ya mwanzo ilikamilika mwaka 1982. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Sasa michoro imepita 40, na watalii huifuata kwa alama za nyayo za manjano zilizopakwa njiani.

Je, fedha za umma zitumike kuchora mtaa wa zamani? Wanaopinga wana hoja. Kiwanda kipya cha mwaka 1985 kilirudi kikiwa kidogo, na wafanyakazi wachache kuliko awali. Rangi haikurudisha ajira zile, ilileta biashara za wageni, ambazo hupanda na kushuka kwa misimu. Isitoshe, jua hupausha rangi, na unyevu unaopenya ukutani huifanya ibambuke. Halmashauri isiyotenga fungu la matengenezo imejinunulia uchakavu.

Suala zito zaidi ni nani anachorwa. Michoro ya aina hii hupenda kuusafisha mji: farasi wanang'aa, tope halipo, ubaguzi haupo. Chemainus haikuliepuka hilo kabisa, kwani mandhari nyingi ni za magogo na mashine, kana kwamba watu wa asili hawakuwapo kabla ya msumeno. Hata hivyo, mchoraji Paul Ygartua alizichora nyuso zao mwaka 1983.

Upo pia ukuta wa Paul Marcano unaoonyesha duka la ufukweni la Hong Hing, mfanyabiashara wa Kichina. Upo mwingine, wa Stanley Taniwa, unaomkumbuka Edward Shige Yoshida, aliyeanzisha kikosi cha skauti cha vijana wa Kijapani. Mwaka 1942 serikali ya Kanada iliwahamisha kwa nguvu watu wenye asili ya Kijapani kutoka pwani hiyo, na mali zao zikauzwa. Kwa waliong'olewa namna hiyo, kukarabati majengo ya barabara kuu hakutoshi, maana yaliyobaki hayawataji. Ukuta unaweza kuwataja, na hapo ndipo fedha ya umma inapostahili kuanzia. Gari la farasi linaweza kungoja mfadhili.

Mchoro pia hukaa kwenye ukuta wa mtu. Mwenye jengo akiuza, akiongeza dirisha au akibomoa, kazi inapotea. Mkataba unaotaja muda wa mchoro, anayelipia ukarabati na taarifa itakayotolewa kabla ya ukuta kuguswa unapaswa kutiwa saini kabla mchoraji hajapanda jukwaani.