Mhifadhi nyaraka naye ajue kuandika programu

Leo nina hoja moja: anayesomea uzamili wa uhifadhi wa nyaraka afundishwe pia kuandika programu.

Mwaka 1986 BBC iliweka habari za Uingereza kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday. Kufikia 2002 mashine za kuzisoma zilikuwa adimu. Kitabu cha 1086 bado kinasomeka! Karatasi huvumilia kusahauliwa kabatini. Faili isiponakiliwa, kukaguliwa na kuhamishiwa fomati mpya, hupotea.

Hapa kwetu, rekodi za ardhi za Nairobi zilianza kutumika kwenye Ardhisasa mwaka 2021. Mhifadhi anajua waraka upi ni ushahidi, lakini asipoweza kuikagua faili mwenyewe, atajuaje kama imebadilishwa? Vyuo vimfundishe. Ama mwaonaje?