MLIMANI FUMBUA MACHO

Wako wanaosema kutazama ndege ni kazi ya watalii. Mimi nasema ni utiifu: Yesu mwenyewe alituagiza (Mathayo 6:26).

Panda Mlima Kulal, kule Marsabit. Chini ni jangwa, mawe na jua kali. Juu, ukungu hulowesha msitu, na humo anaishi ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hapatikani mlima mwingine wowote duniani. Baba anamlisha papo hapo. Wewe unayewaza karo, atakusahau?

Lakini msitu huo ukikatwa, ndege huyu hana pa kuhamia. Tukienda mlimani kuomba, tusiharibu meza ambayo Mungu amewaandalia wengine.

Kama unaamini, sema Amina.