Mjomba, mto si bahari

Mwenzenu nimekuwa kimya kidogo, kazi na baridi ya huku vimenibana. Lakini wiki hii imenibidi nikae kitako niandike, maana picha moja tu niliyoituma kwenye kundi la ukoo imezua maneno mengi kuliko posa!

Kwa ambao hamkuiona: ni mimi, nimekaa kwenye kayaki katika mto Thames, hapa Reading ninapoishi. Kayaki ni mtumbwi mwembamba, mara nyingi wa mtu mmoja. Unakaa umenyoosha miguu mbele, na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Kwenye picha nimevaa jaketi la kuokolea maisha, na filimbi inaning'inia kifuani.

Mama akaandika, "Mwanangu, ulikwenda Uingereza kutafuta maisha au kutafuta kifo?" Mjomba naye akaja na lake, "Mtoto wa Pangani unavaa boya kwenye kamto kama hako? Umetuaibisha." Basi wengi wenu mkamwaga vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Kwa heshima zote, wazee wangu, naona mmekosea wote wawili. Mama, mtoni sitaacha kwenda. Na Mjomba, jaketi silivui. Nisikilizeni kwanza.

Kuna siku sikuwahi kuwasimulia. Ilikuwa Machi, mwaka wangu wa kwanza wa mchezo huu. Rafiki yangu wa kazini alinialika twende mto Kennet, ambao unaingia Thames hapa hapa Reading. Akanipa jaketi. Nikalipokea kwa adabu, nikalichomeka nyuma ya kiti. Mimi? Niliyevuka kwa kuogelea kutoka Pangani hadi Bweni nikiwa na miaka kumi na minne? Mto wenyewe mwembamba, unaweza kumrushia mtu chungwa ng'ambo akalidaka!

Tukafika kwenye kona. Sikujua kwamba penye kona maji ya kasi hukimbilia upande wa nje, na huko nje ndiko kulikoangukia mti. Mkondo ukanichukua ubavu ubavu hadi kwenye matawi. Nikafanya ambalo kila mtu angefanya: nikauegemea upande wa pili kuukwepa mti. Kumbe ndiyo kosa lenyewe. Ukiinamia kule maji yanakotoka, yanapanda juu ya ubavu wa kayaki na kuipindua mara moja. Ilitakiwa niulalie mti, niukumbatie kama ndugu.

Nikaingia majini. Ndugu zanguni, baridi ile siyo ya kusimuliwa. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, mwili unashtuka na unavuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa. Kama kichwa kiko chini, unachovuta ni maji. Hali hiyo hupoa baada ya dakika moja hivi au mbili, na ndiyo maana waokoaji wa RNLI wa huku wanafundisha kwamba ukitumbukia, usianze kupigana na maji. Lala chali, elea, ngoja pumzi irudi. Lakini mimi kuelea ningeelea na nini, na jaketi liko nyuma ya kiti? Kuogelea kote kule kwa Pangani hakukunisaidia hata kidogo. Mikono ilishika tawi, miguu inavutwa chini ya mti.

Hebu fikirieni chujio la chai. Maji yanapita, majani yanabaki. Mti ulioanguka mtoni ni chujio, na siku ile majani ya chai nilikuwa mimi. Rafiki yangu alipanda ukingoni, akanirushia kamba, akanivuta. Na lile jaketi? Lilielea vizuri kabisa peke yake, tukalikuta limekwama mbele huko. Lenyewe liliokoka bila shida!

Sasa Mjomba, hapo ndipo penye hoja yangu. Wewe ulinifundisha bahari, na ulinifundisha vizuri. Bamvua na maji mafu nazijua kwa sababu yako. Lakini bahari yetu inajaa na kupwa, na ukikosea hesabu, mara nyingi unasubiri maji yageuke. Hata mto wetu wa Pangani, pale mlangoni, unaisikiliza bahari. Huku juu mto haugeuki na haupumziki. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Maji ya magotini tu yanaweza kukuangusha. Na ukijaribu kusimama, mguu ukanasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na huinuki tena. Ndiyo maana tunafundishwa kulala chali, miguu ikielekea mto unakokwenda na ikiwa juu juu. Ila ukiona chujio mbele, hapo unageuka, unaogelea kwa nguvu zote na kupanda juu yake kabla hujapelekwa chini.

Linalonitisha zaidi ya yote halitishi kwa macho. Kwenye mito ya huku kuna kuta fupi zimejengwa kukatisha mto, mfano wa banio la skimu ya umwagiliaji. Ukiwa unateremka na mtumbwi huuoni ukuta. Unaona mstari ulionyooka tu, umetulia kama upeo wa bahari. Chini yake maji yanaanguka, kisha yanajikunja na kurudi ukutani, yanazunguka pale pale. Kinachoingia kinazungushwa nacho. Tena yamejaa povu, na povu halimbebi mtu kama maji yanavyombeba. Hapo hata aliyevaa jaketi anaweza asitoke.

Tarehe 30 Oktoba 2021, kule Haverfordwest, Wales, kundi la watu waliokuwa wamesimama juu ya mbao za kupigia kafi lilipita juu ya ukuta wa namna hiyo mto ukiwa umejaa mvua. Wanne walikufa. Mmoja wao alikuwa kiongozi wa msafara ambaye tayari alikuwa ametoka majini, akarudi kuokoa wenzake. Mwaka 2025 mwenye kampuni iliyoandaa safari ile alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na nusu. Kila nikikumbuka habari ile nauma meno, kwa sababu ukuta ule haukuwa siri. Mtu akitembea ukingoni kabla ya safari anauona.

Basi hilo ndilo ninaloliamini siku hizi: usalama wa mtoni unaamuliwa nchi kavu. Ukishaingia majini umechelewa. Kabla sijashusha kayaki naangalia mvua ya siku zilizopita. Kwenye Thames wanaweka mabao penye malango ya kupitishia mashua. Bao likiwa jekundu au la njano, sisi wa makafi tunashauriwa tusiingie, nami narudi nyumbani kunywa chai yangu. Siendi peke yangu. Kona nisiyoiona mwisho wake, nashuka nikaitazame kwa miguu. Penye ukuta nabeba kayaki begani na kuzunguka. Kamba ya kurushia iko mkononi mwa mtu anayejua kuirusha. Na mtu akizama, tunamfikia kwanza kwa kamba au kwa kafi kutoka ukingoni. Hatumfuati majini kwa pupa, maana badala ya msiba mmoja mtapata miwili.

Mama, ndiyo maana sitaacha. Anayeogopa mto na kuuacha kabisa hajifunzi kitu, na siku ukimkuta hana la kufanya. Mto umenipa afya na marafiki, na ukungu wa asubuhi juu ya maji unanikumbusha nyumbani. Nauogopa kwa kipimo chake, nao nadhani unaniheshimu kidogo.

Na wewe mdogo wangu unayevusha watu kwa mtumbwi, usidhani nimekusahau. Najua huko hakuna maji ya barafu, ila kuna mamba, na mkondo ni mkondo popote. Najua pia yale majaketi mawili uliyonayo abiria wanayakalia ili nguo zisilowe! Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nimeyafika, nikaambulia tawi la mti. Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, nimempa mzigo wako: majaketi manne, mawili ya saizi ya watoto. Wavalishe mkiwa bado ukingoni, uwafunge mikanda mwenyewe. Atakayekataa mwache asubiri safari nyingine, hata akikutukana.

Mjomba, moja kati ya hayo manne ni lako. Livae, upige picha, uitume kundini. Nikishaiona, nicheke unavyotaka.

Wasalaam, tuombeane uzima.